Hatari Isiyo Yakini na Wajibu wa Kusema

Swali la insha hii ni la zamani, ingawa mfano wake ni mpya. Mtu akipata habari ya hatari ambayo yamkini itafika na yamkini haitafika, je, wajibu wake ni kuitangaza mapema, au ni kuinyamazia mpaka apate yakini? Wako wasemao kwamba habari ya hatari ni mali ya wale watakaodhurika nayo, na mwenye kuificha amewanyang'anya haki yao. Wako pia wasemao kwamba habari nusu ni mbaya kuliko ukimya, kwa sababu hofu huenda mbio, na masahihisho hufuata nyuma kwa mkongojo. Pande zote mbili zina watu wa busara, na kila upande una mithali yake. Tahadhari kabla ya hatari, husema wa kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, hujibu wa pili. Mithali zikipingana, hapana budi mtu atumie akili yake.

Tutalichungua swali hili kwa mfano wa jiwe. Katika anga, baina ya sayari, yamo mawe mengi sana yanayolizunguka jua kama dunia yetu ilizungukavyo. Wataalamu wa falaki huyaita asteroidi. Mengi hukaa mbali nasi, kati ya sayari ya Mirihi na Mshtarii. Lakini baadhi yake yana njia zinazokaribia njia ya dunia. Kipande cha jiwe kama hilo kikiingia katika hewa yetu huwaka kwa sababu ya kasi yake, nacho ndicho tukiitacho kimondo. Kwamba mawe ya angani huifikia ardhi, hilo si jambo la kubishaniwa katika Afrika ya Mashariki. Kule Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, liko bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, lililoanguka zamani ambazo hakuna azikumbukaye.

Tarehe 19 Juni 2004, wataalamu waliokuwa wakitumia darubini ya Kitt Peak, katika jimbo la Arizona huko Marekani, waliona nukta moja ya nuru iliyokuwa ikisogea kati ya nyota. Waliiona kwa siku mbili, kisha ikawapotea. Mwezi wa Desemba mwaka huo nukta ile ilionekana tena kutoka Australia, na hapo hesabu zikaanza. Siku mbili kabla ya Krismasi ilitangazwa kwamba upo uwezekano mdogo wa jiwe hilo kuigonga dunia tarehe 13 Aprili 2029: nafasi 1 hivi katika 300. Vipimo vipya vilipoongezwa, nafasi ile ilikua. Tarehe 27 Desemba ilifika 1 katika 37. Katika kipimo cha Torino, ambacho huanza 0 na kuishia 10, jiwe hilo lilipewa 4, daraja ambayo hakuna jiwe jingine lililopata kuifikia tangu kipimo hicho kiwekwe. Baadaye likaitwa Apophis, jina la nyoka wa giza, adui wa jua katika hadithi za Misri ya kale.

Jiwe lenyewe si dogo. Upana wake ni kiasi cha mita 340, yaani zaidi ya mara tatu ya kimo cha lile jumba la mikutano la Kenyatta lililoko Nairobi. Lingeanguka, lisingewamaliza wanadamu wote, lakini lingeweza kuiharibu nchi nzima. Kwa siku hizo chache wataalamu walikuwa na habari nzito mikononi mwao, nao hawakuifanya siri. Waliziandika hesabu zao mahali pa wazi ili kila atakaye azisome. Siku ile ile ya tarehe 27, picha za zamani zilizopigwa mwezi wa Machi 2004 zilichunguzwa upya, na jiwe lilionekana ndani yake, ambamo hapo kwanza hakuna aliyelitambua. Kwa picha hizo njia yake ilijulikana vema zaidi, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka. Yalibaki mashaka madogo juu ya miaka ya mbele, 2036 na 2068. Nayo yaliondolewa moja baada ya jingine, la mwisho mwezi wa Machi 2021, kwa vipimo vya rada. Sasa inajulikana kwamba Apophis haitaigonga dunia katika muda wa miaka 100 ijayo.

Msomaji anaweza kustaajabu. Iweje hatari ikue siku baada ya siku, kisha itoweke ghafula? Je, wale wataalamu walikosea, au waliwachezea watu? Mfano mmoja wa nyumbani utalieleza jambo hili. Mbuzi amepotea usiku. Mwenyewe anajua kwamba yumo katika mashamba 300 yaliyo sawa kwa ukubwa, na katika shamba mojawapo kimo kisima kisichofunikwa. Nafasi ya mbuzi kuwa katika shamba lenye kisima ni 1 katika 300. Watu wanawasha taa na kuanza kutafuta kutoka upande mmoja. Mashamba 263 yamekwisha kutafutwa, na mbuzi hayumo. Yamebaki 37, na lile la kisima ni mojawapo. Sasa nafasi ni 1 katika 37. Je, mbuzi amekikaribia kisima? La, hasha. Mbuzi hakusogea hata hatua moja. Amelala pale pale alipolala. Kilichobadilika ni ujuzi wa watafutaji. Kisha mtu mmoja anamulika penye ua wa mbali, na mbuzi huyo hapo, salama. Nafasi ya kisima, iliyokuwa ikikua usiku kucha, imekwisha mara moja.

Nani kati ya watu wale alisema uongo? Aliyesema 1 katika 300 alisema kweli, na aliyesema 1 katika 37 alisema kweli vile vile, kwa kuwa kila mmoja alitaja kadiri ya ujuzi uliokuwapo wakati ule. Jambo hili ni la msingi katika swali letu. Neno lihusulo hatari isiyo yakini lina kweli yake, na kweli hiyo haipimwi kwa kutazama kama hatari ilifika au haikufika. Hupimwa kwa kutazama kama msemaji alisema kadiri ajuavyo, bila kuzidisha wala kupunguza.

Sasa tusikilize hoja za wanaopendelea ukimya, wala tusizidharau, maana zina uzito. Mwezi wa Machi 1998 ilitangazwa kwamba jiwe liitwalo 1997 XF11 lingepita karibu sana na dunia mwaka 2028, na kwamba haikuwezekana bado kukanusha kabisa kuwa lingegonga. Habari ilienea ulimwenguni katika magazeti. Siku iliyofuata zilipatikana picha za mwaka 1990, na ikabainika kwamba jiwe hilo litapita mbali, zaidi ya mara mbili ya umbali wa mwezi. Wengi waliuliza: kulikuwa na haraka gani? Kama wangengoja siku moja tu, si watu wangelala usingizi wao bila wasiwasi?

Wanaotetea ukimya wana hoja tatu. Kwanza, hofu yenyewe ni madhara. Mtu mwenye hofu huweza kuuza shamba lake kwa bei ya bure, au kukata tamaa na kazi yake, au kumsikiliza laghai anayemwuzia kinga. Pili, onyo lisilotimia huipunguza imani. Watu wakiambiwa mara tatu kwamba hatari inakuja, nayo isije, mara ya nne hawatainua vichwa vyao. Tatu, iko hatari ambayo msikiaji hana uwezo wa kuizuia. Mkulima wa Kitui au mvuvi wa Lamu atalifanya nini jiwe lililo mbali kuliko mwezi? Kumwambia ni kumtwisha mzigo asioweza kuutua.

Tuanze na hoja hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa na huruma. Zamani ilikuwa na nguvu zaidi kuliko sasa. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo kilichorushwa na Marekani kiliigonga kwa makusudi asteroidi ndogo iitwayo Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, ambayo huizunguka asteroidi nyingine kubwa zaidi. Kabla ya kugongwa, mzunguko wake ulichukua saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa ulipungua kwa dakika 33 hivi. Haikuwa hatari kwetu, bali ilichaguliwa kwa majaribio. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba mwanadamu anaweza kuisogeza njia ya jiwe la angani. Lakini anaweza kwa sharti moja kubwa: apate miaka ya kutosha. Jiwe likisukumwa kidogo miaka mingi kabla, litapita mbali. Likisukumwa siku za mwisho, halitakengeuka vya kutosha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Yakini huja pole pole, na aghalabu huja imechelewa. Wakati ambapo mengi yangali yanaweza kufanywa ndio ule ule ambapo machache yanajulikana. Na wakati ambapo yote yanajulikana, mara nyingi hakuna tena la kufanya. Asemaye, "Nitasema nikiwa na yakini," huenda bila kujua anasema, "Nitasema wakati ambapo maneno yangu hayatafaa kitu." Hivi ndivyo ilivyo kwa mawe ya angani, na ndivyo ilivyo kwa ufa wa ukuta, kwa homa ya mtoto, na kwa mto unaofurika milimani.

Mambo ya Desemba 2004 yalituachia somo kali zaidi kuliko la jiwe lile. Tarehe 26 Desemba, siku moja kabla ya hesabu za Apophis kufikia kilele chake, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa matetemeko walijua kwa muda mfupi kwamba tetemeko lilikuwa kubwa. Hawakujua kwa yakini kama bahari ilikuwa imeinuka. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa maonyo tangu mwaka 1949, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wowote wa namna hiyo. Mawimbi yakasafiri saa baada ya saa, na zaidi ya watu 200,000 wakafa katika nchi nyingi. Baadhi yao walikuwa na muda wa kutosha kupanda kilima kilichokuwa karibu nao, lau wangeambiwa tu. Mawimbi hayo yalifika hata pwani ya Somalia, ambako walikufa karibu watu 300. Katika pwani ya Kenya habari za maafa ya mashariki zilitangulia kabla ya maji. Watu waliamriwa kuondoka fukweni, na aliyehesabiwa kufa katika nchi nzima ni mtu mmoja.

Wakati wanatoa amri ile, wenye mamlaka wa pwani yetu hawakuwa na yakini. Hawakujua wimbi litakuwa na kimo gani, wala kama litafika likiwa na nguvu. Ilikuwa ni siku ya pili ya Krismasi, fukwe zimejaa watu na watoto. Kuwafukuza kulikuwa ni kuwaharibia sikukuu na kupoteza fedha za biashara. Kama maji yasingeinuka, wangechekwa. Walichagua kuchekwa kuliko kuzika. Nani leo atawalaumu?

Kuhusu hoja ya kwanza, ya hofu, hatuna budi kukiri kwamba hofu ni madhara kweli. Lakini imempasa mwenye kuitumia hoja hii ajiulize kama hofu hutokana na kuambiwa au hutokana na kutoambiwa vizuri. Pengo liachwalo na kweli hujazwa na uvumi. Siku hizi picha za anga huonwa na watu wengi katika nchi nyingi, na siri ya jiwe kubwa haiwezi kukaa. Ikifichwa na wenye elimu, itatangazwa na wasio na elimu, tena kwa nyongeza. Basi hatuna uwezo wa kuchagua kati ya hofu na utulivu. Tunachagua tu kama watu watasikia habari kwa kinywa cha mjuzi au kwa kinywa cha mzushi.

Zaidi ya hayo, upo ushahidi kwamba hata dakika moja ya tahadhari isiyo na yakini hufaa. Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk katika nchi ya Urusi. Hakuna aliyeliona likija, kwa sababu lilitoka upande wa jua. Nuru kali iling'aa angani, na watu wengi walikimbilia madirishani kutazama. Mshindo wa hewa ulifika baadaye kidogo ukavunja vioo, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vigae vya vioo. Katika shule moja ya mji huo, mwalimu mmoja aliwaamuru wanafunzi wake zaidi ya 40 wajifiche chini ya madawati mara alipoiona nuru ile. Hakujua nuru ile ni kitu gani. Lakini hakungoja kujua. Yeye mwenyewe alikatwa na kioo mkononi, na watoto wake hawakupata hata mkwaruzo. Kama kusingetokea mshindo, watoto wangekuwa wamechafua magoti yao tu. Upande mmoja wa mizani ni magoti yenye vumbi, upande wa pili ni macho ya watoto.

Imebaki hoja ya pili, ya imani, nayo ndiyo inayotuelekeza kwenye namna ya kusema. Watu hupenda kutoa mfano wa mchungaji aliyekuwa akipiga kelele za chui, hali chui hayupo, hata siku chui alipokuja kweli hakuna aliyetoka kumsaidia. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini mara nyingi hutumiwa mahali pasipo pake. Kosa la mchungaji halikuwa kuonya juu ya chui asiyekuja. Kosa lake ni kwamba alijua hayupo, naye akasema yupo. Tuseme kulikuwako mchungaji wa pili, aliyesikia mchakacho kichakani, akasema, "Nimesikia mchakacho, sijui kama ni chui au ni ngiri, njoni na mikuki." Wanakijiji wakaja, wakamkuta ngiri. Je, mchungaji huyu amewadanganya? La. Na akisikia tena mchakacho kesho, ni haki yake kuaminiwa kama jana, maana hakusema zaidi ya alivyosikia.

Basi wajibu wa kusema hauji peke yake; umefungamana na wajibu wa kusema kwa kipimo. Mwenye habari ya hatari isiyo yakini na aseme anachokijua, tena aseme kwa uwazi ule ule asichokijua. Na aeleze ni lini atajua zaidi, na kwa njia gani, ili wasikiao wawe na kitu cha kungoja badala ya kutapatapa. Asiongeze chumvi ili asikilizwe, wala asipunguze ili apendwe. Na habari ikibadilika, ayatangaze mabadiliko kwa sauti ile ile aliyotangazia onyo. Kwa maana wengi hupiga mbiu ya hatari kwa nguvu, na habari ya salama huinong'ona. Aonyaye kwa namna hii hapotezi imani ya watu hata hatari isipofika.

Mfano mzuri wa jambo hili umekwisha kuonekana. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini iliyoko nchini Chile iligundua jiwe lililoitwa 2024 YR4, lenye upana wa mita 60 hivi. Hesabu zilionyesha kwamba yamkini lingeigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032, na mahali ambapo lingeweza kuangukia palikuwa ni mstari mrefu uliotoka Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini ya Amerika ya Kusini, ukakata bara letu la Afrika, ukafika Asia ya Kusini. Tarehe 18 Februari 2025 nafasi ilipanda hata ikawa zaidi ya 3 katika 100, kubwa kuliko ile ya Apophis. Wataalamu walizitangaza hesabu hizo zilivyokuwa zikibadilika, na tangu mwanzo walieleza kwamba nafasi huenda ikapanda kwanza kisha ikashuka, kama tulivyoona kwa mbuzi wetu. Kabla ya mwezi ule kwisha, nafasi ilikuwa imeshuka ikawa karibu si kitu. Walioambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo hawakushangaa.

Tena, si kila onyo hupita bure. Tarehe 6 Oktoba 2008, huko Arizona, liligunduliwa jiwe dogo la mita 4 hivi, na katika saa chache ilitangazwa kwamba lingeanguka kaskazini mwa Sudan siku iliyofuata. Likaanguka kama ilivyosemwa, jangwani pasipo watu, wala halikumdhuru mtu. Baadaye wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani kwa safu, wakaokota vipande vyake vingi kwa manufaa ya elimu. Ni watu wale wale na hesabu zile zile: wakisema "huenda," wana maana ya huenda, na wakisema "kesho," ni kesho.

Mpaka hapa tumemwambia msemaji wajibu wake. Lakini msikiaji naye ana wake, nao ni mzito vile vile, ingawa husahauliwa. Jamii inayomcheka kila aliyeonya na hatari isije, huwafundisha wajuzi wake kunyamaza. Mganga aliyetukanwa kwa sababu alishuku ugonjwa usiokuwapo, mara ya pili atasita kushuku ugonjwa uliopo. Fundi aliyefukuzwa kwa sababu alisema daraja limechoka, nalo likasimama mwaka mzima, atawafundisha mafundi wenzake kufumba macho. Basi anayetaka kuambiwa kweli ajifunze kwanza kuisikia kweli iliyo nusu, aipe uzito wake, wala asiifanye kuwa yote au kuwa si kitu. Watu wengi wana masikio ya maneno mawili tu: "iko" na "haiko." Neno la tatu, "huenda," likifika kwao hulisukuma upande mmoja au wa pili, kisha humlaumu aliyelisema. Kulikaribisha neno hilo la tatu, na kukaa nalo bila kutaharuki wala kupuuza, ni sehemu kubwa ya elimu, na pengine ni sehemu ngumu kuliko zote.

Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, Apophis itapita juu ya uso wa dunia kwa umbali wa kilomita 32,000 hivi. Umbali huo ni mdogo kuliko wa baadhi ya setilaiti zinazotuletea habari za televisheni, ambazo huwekwa kilomita 36,000 hivi juu yetu. Watu wa Afrika na wa Ulaya wataweza kuiona bila darubini, kama nyota ndogo inayotembea. Kwetu utakuwa ni msimu wa masika, na yamkini mawingu yatatuficha. Lakini mahali mbingu zitakapokuwa safi, wengi watatoka nje kutazama. Kabla ya usiku huo hapana shaka watazuka watu wa kutangaza mwisho wa dunia, na baada yake watazuka wengine wa kusema kwamba wataalamu walitutisha bure mwaka 2004. Wote wawili watakuwa wamekosa, na kosa lao litakuwa moja: hawakuuliza ni nini hasa kilichosemwa, na kilisemwa kwa kipimo gani.

Vijana wanaosoma maneno haya, wengi wao hawatapata kushika darubini. Lakini hakuna atakayeishi asipate siku moja kuwa na habari ya hatari isiyo yakini mkononi mwake: maji ya kisima yaliyobadilika ladha, breki za basi zilizoanza kulia, hesabu za chama zisizolingana, dalili katika mwili wa mgonjwa. Siku hiyo sauti moja itamwambia, "Ngoja mpaka ujue, usije ukachekwa." Na aikumbuke mizani: kicheko ni upande mmoja, na uhai wa watu ni upande wa pili. Kisha aseme alijualo, kwa kadiri alijuavyo, wala asione haya siku hatari itakapopita mbali. Salama ya watu waliokwisha kuonywa si aibu ya aliyewaonya.